Msimu wa Kukalafati

Baba yangu alifariki Januari 2024, pamba ikiwa imefika magotini, bila kuiona bahari. Pamba aliilima maisha yake yote. Tangu nikiwa mtoto wa kuchunga ndama hapa Mwandoya, kila mwaka nilimwona akisimama kando ya lori lililopakia pamba yetu na kumuuliza dereva swali lilelile: mzigo huu ukitoka kiwandani unakwenda wapi? Na kila mwaka dereva alimjibu kwamba ikishachambuliwa inafungwa marobota, inapelekwa Dar es Salaam, inapakiwa melini, inavuka bahari. Baba alitikisa kichwa taratibu, kisha akatoa swali lake la pili, ambalo watu wa hapa senta walilizoea mpaka likawa kama salamu yake: "Na huko kwenye maji ya chumvi, ng'ombe wanakunywa nini?"

Hakuwa anatania. Kwa mfugaji wa Meatu, nchi ni mahali ng'ombe anapopata maji. Asipoyapata, hapo ni pa kupita tu. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha anga hufunga. Mto unabaki mchanga mtupu na watu wanachimba vishimo ndani yake kutafuta maji. Lambo linanywea mpaka tope la chini linapasuka vipande kama vigae. Mtu aliyekulia hapo akiambiwa kuna maji yasiyo na ng'ambo, na hakuna mnyama anayeyanywa, lazima aulize.

Nilimwahidi nitampeleka akajionee. Nilimwahidi 2016, nikamwahidi tena 2019, nikarudia 2022. Mimi ni karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba, na jibu langu lilikuwa moja: baada ya msimu, baba. Msimu hufunguliwa Mei, na ukishafunguliwa karani hana Jumapili. Ukiisha, kuna madeni ya watu na yangu. Kisha kuna ada za shule. Kisha masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa shambani kabla ya katikati ya Septemba, la sivyo wadudu watahamia mwaka unaofuata. Kisha Kilimia kinachomoza jioni upande wa mashariki, mvua inanukia, mbegu zinagawiwa, na msimu mwingine umeanza. Baba hakunilaumu hata mara moja. Alisema tu, "Sawa, baada ya msimu," na kurudi kwenye kigoda chake chini ya mkwaju.

Tulipoanua matanga nilikuwa kama mtu aliyeamka usiku asijue mlango uko upande gani. Shamba lilikuwa zuri, maana mvua za El Niño hazikututupa, lakini sikuweza kulitazama. Mdogo wangu, aliyekuwa na mwaka wa sita akifanya kazi hotelini Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, alikuja mazikoni na kurudi. Siku chache baada ya Idd akanipigia. "Kaka, njoo sasa. Mizani yako haijatundikwa, na huku wageni hawapo. Nimeomba ruhusa, utalala kwangu." Nikataka kumwambia baada ya msimu. Neno likafika kooni likakwama.

Safari yenyewe sina mengi ya kuisimulia. Ni kilomita zaidi ya 1,000, na ile Aprili barabara za nchi nzima zilikuwa na maji. Kabla sijarudi nyumbani, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilitangazia Bunge kwamba mafuriko yameua watu 155. Kutoka Mwandoya tope jeusi la mbuga lilitushika mara mbili tukashuka kusukuma. Baada ya Shinyanga ni lami: Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Niliiona bahari kwa mara ya kwanza bandarini Dar es Salaam, asubuhi, nikiwa nimebeba begi na ndizi mbili. Ilikuwa ya kijivu. Nilishika chuma cha boti kwa saa mbili zote za kuvuka, nikiyatazama maji, na swali la baba lilikuwa limenijaa kifuani mpaka sikuweza kuzila zile ndizi.

Paje niliyoijua ilikuwa ya kwenye kalenda: mchanga mweupe kama unga wa muhogo, maji ya rangi ya chupa, wazungu wakivutwa na vishada vikubwa juu ya mawimbi. Daladala ilinishusha kwenye mvua. Hoteli nyingi zilikuwa na minyororo malangoni. Vitanda vya kuotea jua vilikuwa vimepinduliwa miguu juu, bwawa la kuogelea limefunikwa turubai, na ufukweni mawimbi yalikuwa yameacha mstari mrefu wa majani meusi ambayo hakuna aliyekuwa akiyafagia. Kwenye mapaa, vijana walikuwa wakichomoa makuti yaliyooza. Mdogo wangu, ambaye Wazanzibari wenzake wa kazini humwita Ngosha kama wanavyotuita Wasukuma wote, alinipokea na mwavuli wa hoteli akaniambia, kama anayeomba radhi, "Kaka, umekuja masika."

Usiku alinieleza mambo ambayo kwenye simu hakuwahi kuyasema. Pwani ile ina wageni wa aina mbili za upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi inavuma kaskazi, jua kali, maji ya joto, hoteli zinajaa. Kuanzia Juni hadi Septemba linavuma kusi, ndio wakati wa kipupwe, baridi kidogo, wenye vishada wanafurika tena. Katikati kuna masika, na katikati ya masika kuna yeye. Kuna mwaka waliambiwa waende nyumbani bila mshahara mpaka watakaporudishwa, naye akabaki Paje akituandikia kwamba kazi ziko nyingi. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona na ndege zikakoma, masika hiyo haikwisha kwa miezi. Hakutuambia. Alikula nini? Alinijibu kwa sauti ya chini kwamba alibeba mwani wa akina mama, akalipwa samaki.

Nilikaa kimya. Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa na kiangazi chake, nami sikujua, kwa sababu sote tulilelewa tukiamini kwamba mwezi usio na mavuno ni wa kuficha.

Siku ya tatu mvua ilikatika. Nikatembea ufukweni kuelekea Jambiani, na chini ya mkungu nikakuta mashua imepandishwa juu ya magogo, imelala ubavu kidogo, na mzee mmoja amechuchumaa kando yake na patasi butu na nyundo ya mti. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watokea bara?"

"Ndiyo mzee. Simiyu, wilaya ya Meatu."

"Huko kuna bahari?"

"Hakuna. Kuna mbuga, ng'ombe na pamba."

Mkono wake ukasimama. Akainua kutoka kwenye kifuu cha nazi kitu kirefu, kimesokotwa unene wa kidole cha mwisho, kinachong'aa mafuta. "Pamba hii?"

Ilikuwa pamba. Nilichukua kipande kikavu kilichokuwa kando, nikakivuta kati ya vidole gumba viwili, nikaona nyuzi zinavyoachana. Ilikuwa imegeuka rangi, na mabaki ya majani ndani yake. Kituoni kwetu ningeiweka upande wa fifi bila kufikiri mara mbili, na mwenye nayo angerudi nyumbani na pesa pungufu. Nikamwambia hivyo. Mzee akatikisa kichwa. "Mashua haina habari na rangi. Yataka pamba inywe mafuta, ikiguswa na maji ivimbe, ijaze pengo."

Hiyo ndiyo kazi iitwayo kukalafati. Mashua ni mbao zilizounganishwa, na baina ya ubao na ubao kuna mshono. Jua likiupiga mshono huo miezi mingi, ukipigwa pia na mawimbi, pamba ya zamani inachoka na kutoka. Basi mzee huikwangua yote, hulowesha mpya katika mafuta ya nazi, huiweka juu ya mshono na kuisukumiza ndani kwa patasi, pigo dogo dogo, shibiri kwa shibiri, kuanzia omo mpaka tezi. Alinipa patasi nijaribu. Nilipiga kama mtu anayepigilia kigingi cha ng'ombe. Akanishika kifundo cha mkono. "Usiipige. Isindikize." Nikaisindikiza. Ilichukua asubuhi nzima kumaliza urefu wa mikono yangu miwili, na yeye hakuonekana kuona kwamba ni polepole.

Sina namna ya kujua pamba ile ililimwa wapi. Aliinunua mjini. Lakini mimi nimepima pamba tangu 2016, na baba alilima mbegu zote zilizotoka Ukiriguru tangu enzi ya UK91 mpaka UKM08, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuambiwa kwamba kuna mahali pamba haigeuzwi shati. Inakaa gizani ndani ya ubavu wa chombo, haionekani, na watu wako juu ya maji kwa sababu yake.

Adhuhuri alikoka moto wa vifuu, akaweka debe. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya ng'ombe yaliyoganda, na kando kulikuwa na chokaa. Siku hizi, alisema, wengi hupaka rangi ya dukani, lakini yeye bado anapaka deheni chini ya chombo, mafuta na chokaa, ili wadudu wa majini wasitoboe mbao. Mafuta yalipoyeyuka, harufu ilinijia ikanikalisha chini.

Ilikuwa harufu ya baba. Kila kiangazi, alipokuwa pale chini ya mkwaju, alikuwa na kopo la mafuta ya ng'ombe miguuni, akiipaka mikanda ya ngozi ya nira ili isikatike mvua zikija. Aliposhiba mikanda alishika shazia akashona magunia. Aliposhiba magunia alichonga mpini. Nilipokuwa kijana niliyesoma kidogo nilimpita pale nikienda senta, nikidhani nimemwona mzee aliyekaa. Siku moja nilimwambia mbele ya wageni kwamba kiangazi baba hana kazi. Alitabasamu, akaendelea kupaka. Mvua zilipokuja, plau yetu haikuwahi kusimama katikati ya mraba kwa mkanda uliokatika. Majirani walikuwa wakija kwetu kuazima mikanda. Sikuunganisha mambo hayo mawili mpaka nilipokaa kwenye mchanga wa Paje, nina umri wa miaka 43, nikilia mbele ya mzee nisiyemjua.

Hakuniuliza ninalilia nini. Alikoroga debe lake. Baadaye nikamwambia habari za baba, na ahadi, na lile neno la baada ya msimu. Akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu," kisha tukanyamaza muda mrefu.

Jioni tulizungumza majira, maana mtu wa shamba na mtu wa bahari wakikutana watazungumza nini? Tulipishana mwanzoni. Mimi nikisema kiangazi nasema Juni mpaka Oktoba, nchi imekauka na vumbi. Yeye akisema kiangazi anasema Desemba mpaka Machi, jua la kaskazi. Tulibishana kidogo hadi tukagundua kwamba neno ni moja na kila mmoja amelipa miezi yake. Alinifundisha vuli, kipupwe, demani. Alinifundisha kwamba wazee wa huko walihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, ile siku ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi wa Julai, kwa makumi yaitwayo miongo, 36 kwa mwaka na siku tano juu yake, na kwa hesabu hiyo walijua siku ya kupanda na siku ya kutweka. Nami nikamweleza Kilimia cha baba.

Kisha nikamuuliza, "Na sasa ni wakati gani?"

"Sasa ni tanga mbili. Kaskazi imechoka, kusi halijashika. Upepo haujui utakako."

Zamani, alisema, majahazi ya Arabuni yaliyoshuka na kaskazi yalingoja hapa Unguja mpaka upepo ugeuke yapande na kusi. Walingoja wiki na miezi. Hata hili neno letu msimu limetoka kwa Waarabu hao, na kwao lilikuwa wakati maalumu, ukiwamo wakati wa pepo za kusafiria. Mimi nililijua kama wakati wa kuuza tu. Nikamuuliza swali ambalo nilijua lina ukali: chombo kikikaa juu hivi, mnakula nini?

"Twala kidogo," alisema. Akainuka kwa kushika ubavu wa mashua, akaupapasa kama mtu anavyompapasa ng'ombe. "Chombo kisichokaa juu, mwanangu, kitakaa chini."

Kwetu matanga ni msiba. Kwake ni nguo za kukamatia upepo. Usiku ule nililala nikiyapindua maneno hayo kichwani. Nilikuwa katika tanga mbili tangu Januari na nilijiona mgonjwa.

Kulikuwa na mgeni mmoja kwenye hoteli ya mdogo wangu wiki ile, mwanamke wa makamo kutoka Mazatlán, mji wa ufukweni wa Mexico upande wa Pasifiki. Mdogo wangu alitutafsiria. Alikuja masika kwa sababu, alisema, yeye pia ni mtu wa mji wa wageni. Kwao mvua hunyesha katikati ya mwaka, na wageni wa Marekani na Kanada huja miezi ya baridi ya kwao. Wakishaondoka, vilima nyuma ya mji vinageuka kijani, na watu wa mji huteremka jioni kukaa kwenye ukuta wa bahari yao wenyewe. Ndio wakati alioupenda tangu utoto. Lakini ni wakati wa vimbunga pia. Akatutajia Otis, kilichopiga Acapulco usiku wa kuamkia 25 Oktoba 2023 kwa upepo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, baada ya kukua kwa muda usiozidi siku moja mpaka watu wakakosa nafasi ya kujiandaa. Alipolisema hilo hakuitazama bahari.

Lililonikaa zaidi baada ya mashua ni mwani. Tarehe 24 Aprili mwezi ulikuwa mpevu, bamvua, na maji yalitoka mpaka karibu na mwamba. Bahari yote ikawa shamba. Mama mwenye nyumba aliyompangisha mdogo wangu alinichukua, yeye na wenzake wanne, kila mmoja na kamba kichwani na viatu vya plastiki kwa ajili ya miiba ya shokowe. Kilimo hicho kilianza hapo Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Unachimbia vigingi kwenye mchanga, unafunga kamba kigingi kwa kigingi, na kwenye kamba unaning'iniza vipande vya mwani kwa vijikamba viitwavyo taitai. Baada ya wiki kama sita unavuna. Nilipoiona mistari ile nikasimama: ilikuwa imenyooka kama matuta ya pamba.

"Mdogo wako ananambia unapima pamba," alisema akiwa ameinama. "Basi nasi twalima kotonii."

Nilidhani ananitania. Ni jina la aina moja ya mwani, ile yenye bei nzuri. Ile nyingine ni spinosamu. Lakini kotonii, alisema, imewakimbia. Maji ya kina kifupi yamezidi joto. Inaota weupe, inakatika, inaelea. Wanaoipata ni wanaoweza kulima kwenye kina, na huko kwataka chombo na kuogelea, mambo ambayo mama wengi wa rika lake hawakufundishwa. Kwa hiyo analima spinosamu. Masika inamwonea mara mbili: mwani ukianikwa ukanyeshewa unapoteza chumvi na thamani, na yeye hana banda la kuanikia. Alasiri ile nilikimbia naye kuvuta turubai mara tatu.

Kesho yake akaja mnunuzi, na gunia lake la mavuno yaliyotangulia likatundikwa kwenye ndoano. Mimi nilisimama kando yake. Hapo nikaona kitu ambacho miaka minane ya ukarani haikunionyesha, kwa kuwa siku zote nilikuwa upande wa pili. Aliutazama mshale. Hakupepesa. Midomo ilimtembea kidogo, akihesabu kabla mshale haujatulia. Nimeyaona macho hayo Mwandoya maelfu ya mara, ya akina mama wenye mtoto mgongoni na wazee waliokuja na mkokoteni tangu alfajiri, na niliyachukua kama macho ya watu wanaonishuku. Sikuwahi kujua kwamba mtu anapoutazama mshale hivyo hamfikirii karani hata kidogo. Anaona wiki sita ndani yake, au miezi sita.

Msimu uliofuata, kabla ya kutaja kilo, nilianza kuigeuza mizani imwelekee mwenye mzigo kwanza. Ni jambo dogo na linachelewesha foleni. Ninaendelea nalo.

Niliondoka tarehe 26 Aprili, siku Muungano ulipotimiza miaka 60, bendera zikiwa zimelowa bandarini. Mzee alikuwa amemaliza ubavu mmoja wa mashua. Mama alinipa mfuko wa mwani mkavu nimpelekee mama yangu, "aone shamba letu." Mdogo wangu alinisindikiza mpaka kwenye boti, na kabla sijapanda nikamwambia kwamba masika ijayo asitufiche. Anitumie ujumbe tu kwamba ni masika, nitaelewa. Aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto.

Wiki moja baadaye mizani ilikuwa imetundikwa. Tarehe 4 Mei simu yake ikaita nikiwa najaza daftari. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinaingia upande wa Mafia, boti za Dar es Salaam na Unguja zimesimamishwa, upepo unang'oa makuti mapya. Nilimuuliza habari za watu, kisha nikauliza mashua ya mzee iko wapi. "Iko juu," alisema. "Bado iko juu. Anasema wewe ndiye uliyempa mkosi wa polepole, na anakusalimu." Watu wa Unguja wana kumbukumbu ya vimbunga: Aprili 1872 kimoja kilifagia sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa, na ndiyo maana Pemba ikawa nchi ya karafuu. Nilirudi kwenye daftari, lakini mkono ulikuwa ukitetemeka, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kupima pamba akaningoja bila kusema neno.

Jioni nilikwenda kwa mayu, mama yangu. Nilikuwa nimempa ule mfuko siku niliyofika, naye akauweka kwenye kapu la vitu asivyojua kazi yake. Siku hiyo aliutoa. Aliunusa, akaugusa kwa ulimi. Hakusema ni mtamu wala mbaya. Akatoka nao uani mpaka kwenye zizi, kwa yule maksai mwekundu wa nira ambaye baba alimlea kwa mkono, na ambaye tangu Januari alikuwa akila kama anayelazimishwa. Akamnyoshea.

Maksai alivuta pumzi kwa nguvu, akarudi nyuma. Akasogea. Akalamba. Alisimama hivyo, masikio mbele, kama anayesikiliza, kisha akalamba tena kiganja chote cha mayu, katikati ya vidole, mpaka kwenye kifundo. Mayu alikuwa akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka huo. Mwani ulipokwisha maksai aligeuka kwenye beseni la maji, akainamisha kichwa, akanywa mpaka chini likaonekana, na mayu akaniambia nichukue ndoo nikaongeze.